Salamu Iliyobaki Kwenye Diski

Siku za gulio, watu wa kijijini kwao Mwalimu wa Kompyuta walipita mbele ya chuo chetu tangu asubuhi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa bodaboda na kuku wamening'inia kwenye usukani. Yeye alisimama mlangoni pa darasa lake akawasalimia. "Mwangaluka," alisema, kwa sauti ya kawaida, si ya kubembeleza wala ya kugombana. Hakuna aliyejibu. Alinyamaza kwa muda ule ambao jibu lingechukua, yaani muda wa kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, kisha akaingia ndani kuwasha mashine zake.

Mara ya kwanza kuliona hilo nilikasirika kuliko yeye. Mimi mtu wa Maswa, na kwetu hata mwizi husalimiwa kwanza ndipo akamatwe. Nilimwuliza kwa nini anajidhalilisha namna ile kila gulio. Akasema salamu ni wajibu wa anayesalimia, na jibu ni wajibu wa anayejibu, na yeye hawezi kufanya kazi ya watu wawili.

Nafundisha ushonaji. Kati ya darasa langu na lake palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu, kwa hiyo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hapa Bariadi nilijifunza kompyuta bila kuomba, na yeye nadhani alijifunza kupinda mapindo. Sauti yake ilikuwa ya polepole na nzito. Vyerehani vyangu vilipokuwa vinakimbia vyote kwa pamoja hakugonga ukuta kama wengine walivyofanya. Alinyamaza tu hadi tumalize mshono, halafu akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Wanafunzi wake walizoea kukaa na nusu ya sentensi hewani.

Alikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mfuko wa kulia wa shati michembe, wa kushoto karanga za kukaanga, na mchana alitafuna akitazama dirishani kuelekea barabara ya Nkololo. Shati lenyewe halikuwa na habari na pasi. Nilimshonea mawili, moja la kijivu na moja la bluu, akanishukuru sana, wabeja, wabeja, akayavaa hadi kola zikawa nyuzi. Mashine zake, kwa upande mwingine, zilifunikwa vitambaa kila jioni, na nyaya zilifungwa vizuri kuliko nywele za wasichana wangu. Alikuwa mwalimu wa kompyuta mwenye simu ya kitochi. Simu hiyo ilikaa kwenye droo ya meza yake tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, ili wanafunzi wasipate sababu ya kutoa zao. Ukitaka kumpata ilibidi uje kwa miguu.

Kitu alichokithamini kupita vyote ni ujumbe wa kosa. Wengine sisi mashine ikiandika maneno mekundu tunafunga tu na kuanza upya. Yeye aliwaamuru wanafunzi waondoe mikono kwenye kibodi, waviweke viganja mapajani, na mmoja asome kosa kwa sauti, neno kwa neno, kwanza kwa Kiingereza kibovu chochote alicho nacho, kisha kwa Kiswahili. Asiyesoma hakugusa. "Kosa lisomwe lilivyoandikwa," nilimsikia kupitia plaiwudi mara nyingi hadi nikaanza kulisema mimi kwa wanafunzi waliokata kitambaa upande. Kama mashine imesema haijui, usiseme imekataa. Kama imekataa, usiseme imeharibika. Alilichukia neno "imeharibika" kama wengine wanavyochukia tusi.

Mashine zake zilitumia Linux, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu, alisema, haikufichi kitu. Nilimwambia mimi napenda kufichwa. Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu asiyekitumia ovyo.

Siku moja nilimwomba anieleze hasa anafundisha nini, maana kila muhula, wiki ileile, ukuta uliniimbia hesabu ileile: elfu nne na tisini na sita, elfu nne na tisini na sita, darasa zima kwa pamoja. Akaja upande wangu, akachukua chaki ya fundi na kipande cha kaniki. Diski mpya, alisema, ni jora. Kabla hujaandika chochote juu yake, unaigawa vipande vinavyolingana, na kila kipande kinaitwa bloku. Faili refu linachukua vipande vingi vilivyofuatana. Faili fupi, hata likiwa la neno moja, linachukua kipande kizima peke yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia humo. Kwa hiyo ukikata vipande vikubwa mno, mafaili mafupi yanakaa yenyewe kwenye nafasi tupu. Ukikata vidogo mno, mashine inachoka kuvihesabu.

"Basi kata vya katikati," nilisema.

Akasema kuna jambo lingine, na hilo ndilo linaloua watu. Mashine itakayosoma ile diski lazima iweze kukishika kipande kizima mkononi kwa mara moja, na mkono wa mashine nyingi unaishia elfu nne na tisini na sita. Ukikata kipande kikubwa kuliko hapo, diski haijafa, data imo yote, lakini mashine nyingi duniani zitaitazama na kusema hazijui ni nini. Alipofika hapo alifuta chaki kwa kiganja, akarudi kwake bila kuaga. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa ananieleza maisha yake.

Mganga hajigangi. Mtu huyu aliyewafundisha vijana wa Simiyu kutopuuza onyo alikuwa amepuuza onyo moja, moja tu, na nitalieleza hapa kwa sababu bila hilo hamtamwelewa.

Alikuwa na kaka yake, manju. Kila aliyelima pamba upande wa Nkololo alimjua: alipoongoza wimbo, kundi la walimaji lilimaliza shamba kabla jua halijawa kali, na watu walisema jembe lake ni mdomo. Mwalimu alikuwa amemrekodi kwa miaka. Jumapili alikwenda na kinasa sauti, wakakaa nyuma ya nyumba karibu na zizi, na kaka akaimba nyimbo za kilimo, za mavuno, za kumsifu ng'ombe fulani aliyekufa zamani. Alikuwa na desturi yake: hakuimba kabla hajasalimia. Alisalimia wasiokuwepo, watakaomsikia, kisha akasema zima hiyo, akanywa maji, ndipo wimbo ukaanza, na ukianza ulikwenda saa nzima.

Rekodi zote ziliwekwa kwenye kisanduku kidogo cha kuhifadhia ambacho mtu alikitoa msaada chuoni na hakuna aliyekitaka. Hakikuwa mashine ya kawaida. Mkono wake ulikuwa mrefu. Mwalimu alipokuwa anaandaa diski yake aliwaza kama Msukuma anavyowaza anapojenga zizi: ng'ombe wa kesho ni wengi kuliko wa leo, jenga kubwa usije ukabomoa. Nyimbo ni ndefu, akakata bloku kubwa kuliko zote zilizowezekana. Mashine ikamwandikia onyo kwamba ukubwa huo hautumiki kwenye mashine nyingi. Alilisoma. Aliniambia alilisoma vizuri kabisa, na akajibu kwa sauti mle darasani peke yake: mimi ninayo hii moja, nyingi za nini?

Kisha mvua za kwanza za mwaka mmoja zikaja na radi, umeme ukaruka, kisanduku kikaungua. Diski ilitoka salama. Aliiweka kabatini akisema ataishughulikia wakati wa likizo. Kabla likizo haijafika, jioni moja simu ya kitochi ikamletea habari kwamba kaka amefariki.

Maziko yalipangwa kesho yake saa kumi. Asubuhi Mwalimu alikuja chuoni, nikashangaa kumwona, nikampa pole, nikadhani amekuja kuaga. Akasema kaka alimwachia neno moja: siku yake, wasikodi muziki wa mtu, wamzike na sauti yake mwenyewe. Anachomeka diski, ananakili nyimbo mbili kwenye memori kadi, anaondoka. Bodaboda alikuwa anamsubiri getini.

Simu akaiweka kwenye droo. Mkono uliizoea ile droo. Nafikiri hata hakujua kwamba ameiweka.

Alichomeka. Mashine ikasema aina isiyojulikana, au kuna kitu kibovu. Akabadilisha waya. Akabadilisha mashine. Akaipeleka diski ofisi ya uhasibu kwenye kompyuta ya aina nyingine, nami nikamfuata na kikombe cha chai ambacho hakukinywa, na ile kompyuta ikauliza kwa adabu kama tungependa kuifomati diski ndipo itumike. Karani akanyoosha mkono kwenye mausi. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia Mwalimu akipiga kelele, na karani hadi leo anaisimulia. Akaichomoa diski akairudisha darasani akiwa ameikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Ilikuwa imeshapita saa sita alipofanya kile alichowafundisha wengine. Aliviweka viganja mapajani. Akaita ujumbe mrefu, ule ambao mashine inajiandikia yenyewe ndani, akausoma kwa sauti neno kwa neno hadi akafika mahali palipoandikwa kwamba ukubwa wa bloku haufai, na namba yake mbele. 

"Ni mimi," alisema. "Hii namba niliiandika mimi."

Nilimwambia aende. Nilimwambia Mwalimu, msiba haungoji mashine, nenda kazike, nyimbo zitasikika siku nyingine. Akaniuliza aende mikono mitupu kwa mtu aliyeomba kitu kimoja tu? Alijua ipo njia. Mashine haikuweza kuifungua diski kwa mlango, lakini ipo programu ndogo inayosoma diski ikiwa imefungwa hivyo hivyo, ikivuta faili moja baada ya lingine, kama unavyovuta kamba ya suruali kwenye upindo kwa pini. Inakwenda polepole. Alihitaji kuitafuta, mtandao ulikuwa unakatika, na bodaboda aliondoka akaja mwingine. Kwenye droo simu ililia, ikalia. Vyerehani vya wanafunzi wangu vilikuwa vinakimbia, sikuisikia, na yeye hakuwa anasikia kitu chochote kisichotoka kwenye ile skrini.

Alizipata nyimbo, akazitia kwenye memori kadi. Mchana ulikuwa umekwenda sana alipopanda pikipiki, na udongo mweusi wa kule mkiujua wakati wa mvua hamtauliza kwa nini walisukuma zaidi ya kuendesha. Alifika watu wananawa mikono. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, majembe yameegemezwa kwenye ua wa minyaa. Wazee walikuwa wamempigia simu tangu adhuhuri, wamemngoja kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kutupa udongo wa kwanza, na mwishowe wakamzika kaka yake bila yeye.

Kule kwao lipo baraza la kimila, dagashida, na dagashida haina utani na misiba. Asiyezika wenzake anatengwa. Hapigwi, hafukuzwi. Hajibiwi salamu, hapewi moto, haketi na watu, hadi siku atakayosimama mbele ya baraza akakiri kosa na kuwalisha. Mwalimu aliitwa akaenda. Walimtaka aseme maneno yanayosemwa siku zote: nimedharau msiba. Ng'ombe alikuwa nao, na angewapa wawili. Maneno ndiyo aliyoyakataa. Akasema amechelewa, amekosa, kosa ni lake na anajua alilifanya siku gani na kwa sababu gani. Lakini kudharau hakudharau. Mzee wa baraza akamwambia ni neno tu, aliseme waende kula.

"Nimekosa nitasema," alijibu. "Nimedharau sisemi, kwa sababu si kweli."

Wakanyanyuka. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kupokea kitu kutoka mikononi mwake, memori kadi ikarudi naye Bariadi.

Mimi nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo. Pilipili usiyoila yakuwashia nini, utasema, lakini iliniwasha. Wangapi wamesema mbele ya baraza maneno wasiyoyaamini, wakala nyama, wakarudi nyumbani? Ndoa nyingi zimesimama juu ya "nisamehe" zisizo na ukweli ndani yake, na zimesimama vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema wanafunzi wanapojibu ndiyo kwa kitu wasichokimaanisha ili tu mashine iendelee, ndipo diski zinapopotea. Nikamwambia watu si mashine. Akasema anajua, mashine ingekuwa imeshamjibu.

Kwa hiyo aliishi vile. Mjini alikuwa na watu wa kumsalimia, mimi, mama wa chai, watoto wa chuo, lakini ungemwona siku za gulio ungejua kwamba salamu zetu zote hazikumfikia pale palipokuwa na njaa. Chumba chake kilikuwa na kiti kimoja. Nilikwenda mara moja kumpelekea shati, nikakaa kitandani, yeye akasimama. Alipougua malaria hakuna wa kwao aliyekuja. Nilimpikia uji, akaunywa akigeukia ukutani, na mabega yake yakanieleza alichokuwa anafanya. Nililia na mimi nikiwa njiani kurudi, tena kwa hasira.

Aliendelea kufundisha kipindi kile cha bloku kila muhula. Hakuwaambia wanafunzi habari ya kaka yake. Aliwaandalia diski mbovu kwa makusudi, iliyokatwa vipande vikubwa, akawaacha wahangaike nayo, na aliyefika kwenye ile namba na kuisoma kwa sauti alipewa karanga.

Miaka ikaenda. Akastaafu, akabaki Bariadi kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na darasa lake likapewa kijana anayewaambia wanafunzi wafunge tu na kuanza upya.

Kisha msimu mmoja, baada ya pamba kuuzwa, mwanamke mmoja wa makamo aliingia kwenye karakana yangu kutaka gauni la ubarikio wa binti yake. Tulipima, tukaongea, na kwa maneno yake nikamtambua: mke wa yule manju. Sikumwambia ninachojua. Yeye mwenyewe, akiwa amenyoosha mikono nimpime kifua, akasema binti angefurahi baba yake angekuwepo, kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niishushe tepu. Simu iliyokuwa na wimbo mmoja wa mumewe iliibiwa mnadani.

"Sura yake ninayo," alisema. "Sauti imeanza kunitoka."

Jioni ileile nilikwenda kwa Mwalimu. Nikamwambia mimi ni wa Maswa, dagashida yao hainihusu, naweza kubeba kitu. Akakataa kwanza. Akasema huo ni ujanja wa kupita dirishani. Nikamweleza maneno ya shemeji yake kama yalivyosemwa, neno kwa neno, maana ndivyo alivyotaka kusomewa makosa.  Kisha akafungua sanduku akatoa memori kadi, na kabla hajanipa akanishika mkono.

"Anzia kwenye wimbo, Madamu. Salamu iruke."

Sikuuliza kwa nini. Nilidhani salamu imeharibika, ingawa neno hilo nisingethubutu kulitamka mbele yake.

Tulikwenda pamoja siku ya kupeleka gauni. Alisema atanisindikiza hadi njia panda, pale akasema hadi mtoni, na mwishowe tulifika hadi kwenye minyaa ya mji wa kaka yake. Hapo akasimama nje na kofia mkononi, mahali ambapo uani walikuwa wanamwona na yeye anawaona. Nilipoingia, mama yule alikuwa na binti yake, majirani wawili wanaochambua karanga, na mzee mmoja wa baraza aliyekuja kunywa maziwa. Wote wakatazama minyaa, kisha wote wakanitazama mimi.

Nikasema nimeleta gauni, na nimeleta sauti ya mwenye mji. Nikakiweka kispika changu juu ya kinu kilichogeuzwa, nikawasha wimbo.

Hamjaona uso wa mtu ukirudishiwa kitu. Binti alianza kulia papo hapo. Majirani waliacha karanga. Mama yule alisikiliza mistari miwili mitatu, kisha akainua mkono nizime.

"Mbona hajasalimia?" aliuliza. "Mume wangu hajawahi kuimba bila kusalimia. Umeipata wapi hii iliyokatwa?"

Nikageuka kutazama minyaa. Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa, hapana. Nikamtazama tena yule mama, ambaye ndiye mwenye mume na mwenye swali, nikarudisha nyuma hadi kile kipande kifupi cha mwanzo, kilichokuwa kimekaa peke yake miaka yote hiyo.

"Mwadila, mayu," ilisema ile sauti, salamu ya mchana kwa mama.

"Mwadila," mama akajibu, kabla hajajua kwamba amejibu.

Sauti ikamwuliza habari za nyumbani. Akasema mhola duhu, salama tu, huku machozi yanashuka. Ikasalimia watoto, ikasalimia walimaji, ikasalimia atakayeisikia mwenye mji akiwa ameshaondoka. Kisha ikacheka kidogo, na nyuma yake nikasikia ng'ombe, na ikasema kwa Kisukuma maneno haya ninayoyaweka kwa Kiswahili: huyu aliyeshika chombo ni mdogo wangu, haongei, lakini yupo hapa pamoja nami, kila neno mnalolisikia limepita mikononi mwake, mnaponijibu mimi, msimsahau yeye.

Kipande kikaisha. Nikaelewa kwa nini alitaka kirukwe: hakutaka kumtuma marehemu akamwombee msamaha.

 Mzee wa baraza aliinamia kata yake ya maziwa kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Alipozungumza hakumtazama mtu. Alisema mwanamke akiagizwa na mumewe, baraza halina la kuingilia.

Mama yule akainuka. Akajifunga khanga vizuri, akatembea hadi katikati ya uwanja, si mbele zaidi, akaelekea minyaa.

"Mwadila, shemeji," alisema.

Mwalimu wa Kompyuta, ambaye kila gulio alingoja muda kamili wa jibu, alifungua mdomo akaufunga. Shemeji yake akangoja. Majirani wakangoja, binti akangoja, na mimi nikiwa na kispika mkononi nikangoja, muda wa kuulizwa nyumbani, na watoto, na ng'ombe, na zaidi ya hapo, hadi kofia yake ikamponyoka na sauti yake ikapatikana.